Senti Tano za Kilwa katika Mchanga wa Australia

Mwaka 1944 Maurie Isenberg, askari wa jeshi la anga la Australia, alikuwa amepangiwa kazi katika kituo cha rada kwenye kisiwa cha Marchinbar. Kisiwa hicho ni kimojawapo cha visiwa vya Wessel, vilivyojipanga mstari kutoka Arnhem Land, kaskazini kabisa ya nchi hiyo, hadi ndani ya Bahari ya Arafura. Miaka miwili nyuma, tarehe 19 Februari 1942, ndege za Wajapani zilikuwa zimeupiga mabomu mji wa Darwin. Januari 1943 ndege yao nyingine ikaizamisha meli ya Patricia Cam karibu na visiwa hivyohivyo vya Wessel. Ndiyo maana rada zikatawanywa pwani yote ya kaskazini, na vijana wakapelekwa kukaa zamu mahali ambapo jina lake wengi wao hawakuwahi kulisikia.

Anayetoka zamu kwenye kisiwa kisicho na duka wala klabu hana mengi ya kufanya. Isenberg alikwenda kuvua. Huko ufukweni, katika ghuba ya Jensen, akaona sarafu zimelala mchangani. Aliokota tisa. Hakujua ni za nani wala za lini, na vitani hakuna mwenye nafasi ya kuulizia mambo ya namna hiyo, basi akazitia kwenye kopo na kurudi nazo nyumbani vita vilipokwisha. Kopo likakaa miaka na miaka. Mwaka 1979 ndipo alipozipeleka kwa wataalamu wamwambie alichokuwa nacho.

Nne kati ya tisa hazikumshangaza mtu. Zilikuwa za Waholanzi, za kati ya mwaka 1690 na miaka ya 1780, na Waholanzi walikuwa na himaya yao Batavia na visiwa vya viungo kwa muda wote huo. Tano zilizobaki zilikuwa na maandishi ya Kiarabu. Hizo zilikuwa senti za shaba za masultani wa Kilwa. Siku hizi zote tisa zimo katika jumba la makumbusho la Powerhouse, Sydney.

Msomaji aichukue ramani. Kilwa iko nyuzi 9 kusini ya ikweta, Marchinbar nyuzi 11. Ukiielekeza merikebu mashariki kutoka Kilwa na kuinamisha omo kidogo tu kuelekea kusini, utafika, mradi uwe na chakula na maji ya kukutosha kiasi cha kilomita 10,000. Hakuna habari ya nahodha yeyote aliyewahi kufanya hivyo.

Kilwa iliyotoa senti hizo tunaijua vizuri kiasi. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib. Dhahabu ya bara ilipita bandari ya Sofala, na Kilwa ndiyo iliyoshika ufunguo wa Sofala. Fedha ya biashara hiyo ndiyo iliyojenga kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali linaloitazama bahari, na ndiyo iliyoupanua Msikiti Mkuu. Lakini sokoni, kwa mnunuzi wa samaki au mtama, watu walitumia vijisarafu vya shaba vyepesi, vyembamba, ambavyo vingi ukivishika leo vimeliwa na chumvi hadi maandishi yamebaki nusu.

Senti ya Kilwa iliyohifadhika vizuri ni kitu cha kupendeza. Upande mmoja una jina la sultani pamoja na la baba yake. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea na kumsifu Mwenyezi Mungu. Pande hizo mbili zina vina: jina la mtawala linaishia kwa sauti ileile inayomalizia sifa za Mola wake, kwa hiyo mtu akiigeuza senti kiganjani anakuwa amesoma ubeti mzima. Sijui mji mwingine uliojipa taabu hiyo kwa ajili ya pesa ndogo ya kununulia dagaa. Kasoro yake, kwa mwanahistoria, ni kwamba senti hizi hazina mwaka wala jina la mji zilikopigwa. Masultani wenye majina yanayofanana walifuatana, na senti za mtawala maarufu ziliendelea kutumika muda mrefu baada ya yeye kuzikwa. Kwa hiyo hata ukilisoma jina sawasawa, bado hujajua senti hiyo ilidondoka mkononi mwa nani na karne gani.

Tena kwa kawaida hazikusafiri mbali. Zinapatikana Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Mafia, Pemba na hapa na pale mwambaoni. Moja, ya al-Hasan bin Sulaiman, iliokotwa Great Zimbabwe mwaka 1971, na wataalamu waliishangilia kwa kuwa ilithibitisha kwa shaba kile ambacho wote walikuwa wakikisema kwa mdomo kuhusu njia ya dhahabu. Ilikuwa pesa ya nyumbani. Mfanyabiashara aliyekwenda Aden au Gujarati alibeba dhahabu, pembe na ambari. Senti za shaba za sultani wake aliziacha kwa mke kwa matumizi ya nyumbani.

Wa kwanza kuzikusanya hawakuwa wasomi. Kilwa Kisiwani mvua kubwa ikishanyesha, maji huchimbua udongo wa magofu na kuuteremsha ufukweni, na senti hujitokeza zenyewe. Kisimani Mafia ni hivyohivyo: bahari imeumega mji wa kale kidogo kidogo, na kila bamvua inaacha kitu. Watoto wameokota, wavuvi wameokota, wageni wakanunua kwa bei ya mchezo. Maofisa wa kikoloni wenye mapenzi ya mambo ya kale walijaza visanduku. Kutokana na makusanyo ya namna hiyo John Walker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza aliweza kuandika mwaka 1936 juu ya historia na sarafu za masultani wa Kilwa, na G. S. P. Freeman-Grenville, aliyekuwa akifanya kazi ya elimu Tanganyika, akaendeleza miaka ya 1950. Hatuwezi kuwabeza waokotaji hao. Bila wao tungekuwa na majina machache zaidi ya watawala wetu.

Ila angalia walichoshindwa kutupa. Sultani mmoja mwenye senti nyingi kuliko wengine ni Ali bin al-Hasan. Senti zake zimeokotwa kwa maelfu, na maelfu hayo hayakutosha kumaliza ubishi wa alitawala lini. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kati ya 1960 na 1965, alimweka kwenye mwaka 1200 hivi. Kisha mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, Mark Horton na wenzake wakapata akiba iliyofukiwa pamoja: zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, nyingine zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, zikiwa zimechanganyika na dinari chache za dhahabu za aina ya Wafatimi wa Misri. Dinari za Wafatimi zina tarehe, na tarehe hizo zilikuwa za karne ya 11. Aliyefukia fungu lile aliweka sarafu zenye mwaka na zisizo na mwaka shimo moja, na kwa kitendo hicho akamrudisha nyuma Sultani Ali karne moja na zaidi. Senti elfu za kwenye visanduku hazikuweza kufanya kazi hiyo, kwa sababu kila moja ilikuwa imeng'olewa kutoka kwa jirani zake bila mtu kuandika jirani hao walikuwa nani.

Hapo ndipo ugumu wa senti za Isenberg unapoanzia.

Jambo moja alilolifanya vizuri, na ni haki asifiwe kwalo, ni kuacha ramani. Palikuwa na mchoro wa zamani wa kisiwa, na mahali alipookota alipatia alama ya X, kama maharamia wa vitabuni. Mwanaanthropolojia Ian McIntosh, Mwaustralia anayefundisha Indianapolis, Marekani, ndiye aliyeishika ramani hiyo na kutangaza kwamba atakwenda Marchinbar. Ilipofika mwaka 2013 magazeti ya dunia yakalipuka. Senti za miaka elfu! Historia ya Australia kuandikwa upya! Watoto wa shule wa nchi ile hufundishwa kwamba Mzungu wa kwanza kufika aliyeandikwa ni Mholanzi Willem Janszoon mwaka 1606, na kwamba James Cook aliitangaza pwani ya mashariki kuwa mali ya mfalme wake mwaka 1770. Leo ghafla pana uwezekano wa Mswahili kuwatangulia.

Na huku kwetu hatukukosa wa kupokea ngoma hiyo. Umewahi kusikia barazani kwamba Waswahili ndio waliogundua Australia? Mimi nimesikia, na tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Hebu tulipunguze hilo. Kwanza, Australia ilikuwa na wenyewe kwa makumi ya maelfu ya miaka kabla ya Kilwa kuwa na nyumba ya mawe hata moja. Visiwa vya Wessel ni vya watu wa Yolngu, na hawakuwa wakingoja kugunduliwa. Pili, senti haina miguu lakini ina mikono mingi. Ilikopigwa si lazima ndiko alikotoka aliyeidondosha.

Basi ni mikono ya nani? Kuna wanaoelekeza kidole kwa Wareno, na hoja yao si ya kupuuzwa. Julai 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na askari wake wakaipora. Mwaka 1510 Wareno haohao wakaishika Goa, 1511 wakaishika Malaka, na miaka michache baadaye wakawa wanafika Timor kutafuta msandali. Kutoka Timor pwani ya kaskazini ya Australia si mbali kwa meli. Askari mmoja mwenye vijisenti vya kumbukumbu mfukoni angeweza kuvuka hatua zote hizo ndani ya miaka kumi.

Wengine wanasema hatuhitaji Wareno. Tomé Pires, Mreno aliyekaa Malaka mara tu baada ya kutekwa, aliorodhesha wafanyabiashara aliowakuta katika bandari ile, na katika orodha yake wamo watu wa Kilwa na Malindi. Huu ndio ushahidi uliopaswa kuzungumzwa barazani badala ya ile habari ya ugunduzi. Wenyeji wa mwambao wetu walifika Malaka kwa biashara yao, wakasimama soko moja na Wagujarati, Wajava na Wachina, na aliyeyaandika hayo hakuwa na sababu ya kutupendelea. Malaka senti ya Kilwa ingeweza kubadili mikono na kuanza safari ya kuelekea mashariki zaidi.

Lakini hoja zote mbili zinajikwaa kwenye sarafu zile nne za Waholanzi, ambazo magazeti yalizitaja kwa haraka na kuzipita. Kama zote tisa zilifika pamoja, mfuko huo haukuweza kudondoka kabla ya kupigwa sarafu iliyo changa kuliko zote, nayo ni ya miaka ya 1780. Wakati huo Kilwa ya masultani wa senti ilikuwa imekwisha kuwa magofu kwa sehemu kubwa. McIntosh mwenyewe, ambaye vichwa vya habari vilimfanya aonekane mhubiri wa Waswahili wa kale, ameelemea huko: anaona yaelekea zililetwa na mabaharia wa Makassar katika wimbi la kwanza la wavunaji wa majongoo bahari.

Habari ya watu hawa wa Makassar inastahili kukaliwa kitako, maana ni watu ambao msomaji wa mwambao atawaelewa upesi. Walitoka kusini ya kisiwa cha Sulawesi, Waislamu, wakisafiri kwa perahu zenye matanga. Waliondoka Desemba kwa pepo za magharibi, wakati huku kwetu kaskazi inavuma, na kurejea Aprili pepo zilipogeuka. Kilichowapeleka ni majongoo bahari, yaleyale yanayookotwa maji yakipwa huku Mafia na Unguja na kuuzwa kwa wasioyala wenyewe. Waliyapasua, wakayachemsha kwenye masufuria makubwa, wakayafukia, wakayakausha kwa moshi, na mwisho wake yote yalikwenda Uchina. Wayolngu walifanya nao kazi, wakabadilishana nao mali, baadhi yao wakasafiri nao hadi Makassar. Mpaka leo mikwaju iliyoota kutokana na kokwa walizotupa imesimama kwenye fukwe walizopiga kambi. Serikali ya Australia Kusini, iliyoitawala pwani ile wakati huo, iliwawekea kodi, kisha ikawanyima leseni, na perahu ya mwisho iliondoka mwaka 1907.

Tuna shahidi wa macho wa siku zao za mwanzo. Tarehe 17 Februari 1803 Matthew Flinders, akiizunguka Australia kwa meli ya Investigator, alikuta perahu sita zimetia nanga kusini ya visiwa vya Wessel. Mwanzoni alizidhania za maharamia. Mpishi wake alikuwa Mmalai, akatafsiri. Mkuu wa perahu zile, mzee aliyemwandika kwa jina la Pobassoo, alimweleza kwamba msafara wote mwaka ule ulikuwa na perahu 60 na watu wapatao 1,000, kwamba yeye amekuja mara sita au saba katika miaka 20 iliyopita, na kwamba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuja. Alikuwa amewahi kuchomwa mkuki gotini na wenyeji. Perahu moja ilikuwa imempotelea mwaka uliotangulia. Toa 20 kwenye 1803 uone unaangukia wapi: miaka ya 1780, mlemle ilimo sarafu changa ya Isenberg.

Hesabu hiyo inanivutia, ila nayo si muhuri. Pango la Djulirri, huko Arnhem Land, lina mchoro wa perahu uliopakwa rangi ya manjano, na juu yake mtu alibandika umbo la nta ya nyuki ambalo wataalamu wamelipima na kuona halijatengenezwa baada ya mwaka 1664. Mchoro uko chini ya nta, kwa hiyo perahu ilikwisha kuonekana pwani ile kabla ya hapo, na Pobassoo hakuwa wa kwanza kama alivyodhani. Zaidi ya hayo, mchanga wa ufukweni hautunzi siri. Wimbi linazika na kufukua, linaweka cha jana kando ya cha karne iliyopita. Sarafu tisa zilizolala pamoja siku moja ya mwaka 1944 huenda zilifika pamoja, na huenda zilitenganishwa na miaka 300. Jibu lingekuwa kwenye tabaka la udongo chini yake, kama lilikuwapo.

Nani wa Makassar angebeba senti za shaba zisizonunua kitu popote? Nakisia tu: Mwislamu aliyeona maandishi ya Kiarabu yenye sifa za Mungu juu ya kipande cha shaba cha kale hakuhitaji kukipeleka sokoni. Kilitosha kuvaliwa shingoni.

Msafara wa McIntosh ulifika Marchinbar Julai 2013, pamoja na wanaakiolojia, mtaalamu wa umbile la ardhi na walinzi wa mazingira wa Kiyolngu. Walitembea, wakapima, wakachunguza. Hawakupata senti nyingine ya Kilwa. Miaka 69 ya mawimbi na dhoruba ilikuwa imepita juu ya ile X.

Baadhi ya wapenzi wa historia hawakukata tamaa. Kikundi cha kujitolea kinachoitwa Past Masters, chenye wataalamu na wasio wataalamu, kimeendelea kurudi pwani ile kwa likizo na fedha zao. Mwaka 2018 mmoja wao, mwanaakiolojia Mike Hermes, aliokota sarafu ya shaba ufukweni mwa kisiwa cha Elcho, jirani na Wessel. Kwa ukubwa na uzito inafanana na za Kilwa. Maandishi yake yamelika. Hermes mwenyewe, alipohojiwa, alitaja uwezekano wa biashara na uwezekano wa watu wa Makassar. Yeye alijua kuandika palepale alipoinama, na bado sarafu ile ilikuwa juu ya ufuo, nje ya tabaka lolote, kama zile tano zilizoitangulia.

Hukumu yangu, basi, ni hii: senti tano ni za Kilwa kweli, mkono wa mwisho yaelekea ulikuwa wa baharia wa Makassar, na madai ya merikebu ya Kilwa kutia nanga Australia hayajapata hata msumari mmoja. Mwenye kutaka kujivunia ajivunie orodha ya Tomé Pires.

Na aliye Kilwa, Mafia au Pemba ajue kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na haimruhusu mtu kuvichimba bila kibali. Ukiiona senti imechungulia kwenye udongo baada ya mvua, usiing'oe. Piga picha ilivyolala, tazama ina nini pembeni na nini chini yake, weka alama, kisha mwite mhusika wa Mambo ya Kale aje aione palepale ilipo. Mgeni akikuuliza bei, mwambie haiuzwi.